Dawa ya pumu inafanya kazi? FeNO, spirometri, pikfloo na maswali ya dalili vikiwekwa bega kwa bega

Mgonjwa wa pumu ameanza steroidi ya kuvuta, miezi mitatu imepita, na sasa lazima iamuliwe: dozi iongezwe, ibaki ilivyo, au ipunguzwe. Njia nne hutumika kusaidia uamuzi huo. Ya kwanza ni FeNO, yaani kupima oksidi ya nitriki katika pumzi inayotoka. Ya pili ni spirometri, yaani kupuliza kwa nguvu zote kwenye mashine inayopima hewa inayotoka. Ya tatu ni pikfloo, kile kibomba cha plastiki chenye kishale na namba ubavuni. Ya nne ni maswali ya dalili, ambayo hayahitaji hata umeme.

Swali linaloulizwa sana ni "kipi bora?", nalo halijibiki, maana vinne hivi havipimi kitu kimoja. FeNO husoma kuvimba kwa njia za hewa. Spirometri husoma upana wa njia hizo siku ile. Pikfloo husoma jinsi upana unavyopanda na kushuka kati ya asubuhi na jioni. Maswali husoma maisha: usingizi, kazi, ngazi, mpira wa jioni. Njia za hewa huweza kuwa wazi huku zimevimba, na mtu huweza kukosa pumzi ilhali hazijavimba kabisa. Kwa hiyo usishangae vipimo viwili vya mgonjwa mmoja, siku moja, vikipingana na vyote vikawa sahihi.

Kila njia hapa inaulizwa mambo matano: inapima nini hasa, inafanywaje, namba zake husomwaje wakati wa kufuatilia dawa, huharibiwa na nini, na inamfaa nani. Hatuzungumzii kumtambua mgonjwa mpya. Huko sheria ni nyingine.

## Kabla ya kupima chochote

Hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivi kinachohesabu dozi zilizovutwa. Kwa hiyo anza na inhela yenyewe. Mwambie mgonjwa aivute mbele yako. Inhela ya kubonyeza inataka itikiswe, pumzi itolewe nje, kopo libonyezwe pale anapoanza kuvuta hewa polepole, kisha pumzi ishikiliwe sekunde 10 hivi. Wengi hubonyeza kwanza na kuvuta baadaye, na dawa huishia kwenye ulimi. Spesa, ile chupa inayowekwa kati ya inhela na mdomo, huondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo.

Halafu piga hesabu ya kopo. Kopo la dozi 200 kwa mtu aliyeandikiwa mipulizo miwili asubuhi na miwili usiku huisha kwa siku 50. Likimchukua miezi minne, amevuta chini ya nusu ya dawa aliyoandikiwa. Usidanganywe na kopo linaloendelea kupuliza: dawa ikiisha, gesi inayoisukuma huendelea kutoka.

## FeNO

Kinapima nini. Seli zilizotandaa ndani ya njia za hewa hutengeneza oksidi ya nitriki muda wote. Pumu ya aina ya mzio inapochachamaa, kemikali ya kinga iitwayo interlukini-13 huzichochea seli hizo kutoa zaidi kimeng'enya kinachozalisha gesi hiyo, na pumzi inayotoka huibeba. Steroidi hukizima kimeng'enya hicho. Lars Gustafsson na wenzake nchini Sweden waliripoti kuwapo kwa gesi hii katika pumzi ya binadamu mwaka 1991; miaka miwili baadaye Kjell Alving na wenzake wakaonyesha kwamba wenye pumu huwa nayo nyingi zaidi. (Isichanganywe na gesi ya kuchekesha ya wang'oa meno. Hiyo ni nyingine kabisa.) Kipimo chake ni sehemu kwa bilioni, kwa kifupi ppb.

Kinafanywaje. Mgonjwa huketi wima, bila kibano cha pua. Hutoa pumzi yote kwanza, nje ya mashine. Hufunga midomo kuzunguka kichujio, ambacho hutupwa baada ya mgonjwa mmoja, kisha huvuta hewa kupitia mashine kwa sekunde mbili tatu mpaka mapafu yajae. Hewa hiyo huchujwa ili gesi ya barabarani isiingie kwenye hesabu. Bila kusita, huanza kupuliza polepole kwa kasi ya mililita 50 kwa sekunde. Mashine nyingi za mkononi hutaka sekunde 10. Kanuni ya kimataifa ya mwaka 2005 huridhika na angalau sekunde 6 kwa watu wazima na 4 kwa watoto wa chini ya miaka 12. Skrini humwonyesha kama kasi imezidi au imepungua, na jibu hutoka baada ya dakika moja hivi.

Kasi ndiyo roho ya kipimo hiki. Gesi huvuja kutoka kwenye kuta za njia za hewa, kwa hiyo hewa inayopita taratibu huokota nyingi na inayopita mbio huokota kidogo. Ukipuliza kwa nguvu zaidi, namba hushuka ilhali mapafu hayajabadilika hata chembe. Mashine pia humpa mgonjwa ukinzani kidogo, kati ya sentimita 5 na 20 za maji, ili kaakaa laini linyanyuke na kuziba mlango wa pua. Pua na matundu yake yana oksidi ya nitriki nyingi kuliko mapafu; ikivuja hata kidogo, unapima pua badala ya kifua. Watoto hukosea hapa: huambiwa "puliza", nao hupuliza kama wanaozima mshumaa. Mwambie apulize kama anayepoza uji kwenye kijiko. Wengi huelewa mara ya kwanza.

Kusoma namba. Mwongozo wa Jumuiya ya Kifua ya Marekani wa mwaka 2011 uliweka mipaka ambayo bado hutumika. Kwa mtu mzima, chini ya 25 ppb ni chini, zaidi ya 50 ni juu, katikati inahitaji kufikiriwa. Kwa mtoto wa chini ya miaka 12 mipaka ni 20 na 35. Lakini anayefuatilia dawa afanye mazoea ya kuangalia mabadiliko ya mgonjwa mwenyewe. Aliyeanza juu ya 50 ahesabiwe kuwa ameitikia dawa akishuka angalau asilimia 20. Aliyeanza chini ya 50, akishuka angalau 10 ppb. Mfano: kutoka 62 hadi 31 ni kushuka kwa nusu, dawa inafanya kazi na inavutwa. Kutoka 38 hadi 30 ni tofauti ya 8 tu, na hiyo huweza kuwa kuyumba kwa kawaida. Usibadilishe dozi kwa sababu ya 8.

Namba ya juu kwa mtu aliye kwenye steroidi haimaanishi moja kwa moja "ongeza dozi". Maelezo yanayotangulia ni haya: havuti, anavuta vibaya, au analala na kinachomdhuru, kama vumbi la godoro au paka. Baada ya hapo ndipo ufikirie dozi. Kliniki za pumu kali Uingereza zimetumia jambo hili kwa werevu: mgonjwa hupewa steroidi ya kuvuta chini ya uangalizi kwa siku 7 huku FeNO yake ikifuatiliwa. Ikiporomoka sana, dawa ile ile aliyokuwa nayo nyumbani ilikuwa inatosha, ila haikuwa inaingia kifuani.

Namba ya chini kwa mtu mwenye dalili nyingi nayo inasema kitu. Huenda kubanwa kwake hakutokani na mzio: moyo, unene, kovu la TB, moshi wa kuni wa miaka mingi, au pumu ya aina ambayo steroidi haiisaidii sana. Kumwongezea steroidi huyo ni kumwongezea fangasi ya mdomoni na sauti ya mkwaruzo tu.

Kinachoharibu. Orodha ni ndefu, na hapa ndipo mashine hupata sifa mbaya isiyostahili:

- Kula, kunywa, mazoezi au sigara ndani ya saa moja kabla ya kupima.
- Mboga zenye nitrati nyingi, kama mchicha, spinachi, letusi na bitiruti. Hupandisha namba, na athari hufika kileleni saa mbili hivi baada ya mlo, kwa hiyo saa moja ya kusubiri haitoshi kwa aliyekula mchicha mchana.
- Uvutaji wa sigara wa kila siku hushusha namba. Mvutaji mwenye 20 ppb asihesabiwe salama.
- Mafua ya virusi na mafua ya mzio hupandisha. Mwenye mafua arudi baadaye, kama hali yake inaruhusu.
- Spirometri ikitangulia, namba hushuka kwa muda. Siku ya vipimo viwili, FeNO iwe ya kwanza daima.
- Kubadilisha mashine. Mashine za kampuni tofauti hazitoi namba zinazolingana kikamilifu. Andika jina la mashine kando ya namba.
- Joto na unyevu. Mashine ya mkononi inayotumika sana, NIOX VERO, imetengenezewa nyuzi joto 10 hadi 35 na unyevu usiozidi asilimia 80. Chumba cha Tanga au Mombasa wakati wa masika, bila kiyoyozi, huvuka mpaka huo kwa urahisi.

Liko pia suala la sindano za kibayolojia zinazotumika kwa pumu kali. Dupilumab huishusha FeNO kwa sababu inaziba njia ya interlukini-13. Mepolizumab na benralizumab hufuata njia nyingine, na FeNO huweza kubaki juu huku mgonjwa akiendelea vizuri. Usimhukumu mgonjwa wa mepolizumab kwa FeNO.

Ushahidi? Umegawanyika, na ni vyema kusema hivyo wazi. Uchambuzi wa Cochrane, shirika linalojumlisha majaribio ya tiba, wa mwaka 2016 uligundua kwamba kurekebisha dawa kwa FeNO hupunguza mashambulizi, ila dalili za kila siku hazibadiliki. Jaribio la RAACENO la Uingereza, lililochapishwa 2022 na kuhusisha watoto zaidi ya 500, halikuona faida ya kuongeza FeNO juu ya kufuata dalili. Upande wa pili, jaribio la Australia la mwaka 2011 kwa wajawazito 220 lilionyesha mashambulizi yakipungua karibu nusu. Mwongozo wa pamoja wa NICE, BTS na SIGN, taasisi za Uingereza, wa Novemba 2024 unashauri FeNO ifikiriwe kwa watu wazima kwenye mapitio ya kawaida na kabla na baada ya kubadilisha dawa. Msomaji aliyeko Leicester au London basi asishangae akiitiwa kipimo hiki kwa GP wake, yaani daktari wa familia.

Kinamfaa nani. Mtu mwenye pumu ya mzio, asiyevuta sigara, anayeweza kurudia kupimwa kwa mashine ile ile, hasa pale ambapo haijulikani kama dawa inavutwa au kama dozi inaweza kushushwa. Kwa kliniki: inayoona wagonjwa wa pumu wengi kiasi cha kumaliza kihisi (sehemu ya mashine inayosoma gesi) kabla ya tarehe yake, maana kihisi hufa kwa idadi ya vipimo au kwa tarehe, kinachotangulia. Mashine ya vipimo vitatu kwa mwezi ni hasara.

## Spirometri

Inapima nini. Kiasi cha hewa unachoweza kutoa kwa nguvu kwa jumla (FVC) na kiasi kinachotoka katika sekunde ya kwanza (FEV1). Inasema njia zina upana gani leo. Haisemi kwa nini.

Inafanywaje. Ni kinyume cha FeNO: hapa unataka nguvu zote. Kibano cha pua, pumzi ya kujaza kabisa, kisha mlipuko wa ghafla na kuendelea kusukuma mpaka hewa iishe. Mpimaji anapaswa kupaza sauti. Spirometri ya chumba kimya mara nyingi huwa spirometri mbovu. Unatafuta mipulizo mitatu inayokubalika, na miwili iliyo bora isitofautiane kwa zaidi ya mililita 150. Kila asubuhi mashine hukaguliwa kwa sirinji ya lita 3. Ukitaka kuona kama njia zinafunguka, mpe salbutamol (dawa ya kufungua njia za hewa, inhela ya bluu) mikrogramu 400 kwa spesa, subiri dakika 10 hadi 15, rudia.

Kusoma namba. FEV1 ikipanda kwa asilimia 12 na mililita 200 baada ya salbutamol, bado kuna mkazo unaoweza kufunguliwa. Kutoka lita 1.90 hadi 2.20 ni mililita 300, karibu asilimia 16: dawa ya kila siku haijamaliza kazi. Kwa ufuatiliaji, pima mwanzo, kisha miezi 3 hadi 6 baada ya kuanza dawa ili kupata FEV1 bora ya mgonjwa, kisha kila baada ya mwaka mmoja au miwili kwa walio wengi.

Inayoharibu. Kusitasita mwanzoni, kukohoa katika sekunde ya kwanza, kukata pumzi mapema. Pia dawa: salbutamol iliyovutwa asubuhi hiyo huficha mkazo, kwa hiyo isitumike kwa angalau saa 4 kabla, na inhela zenye dawa ya kufungua ya muda mrefu husimamishwa kwa saa 24 au zaidi. Mwenye kikohozi cha zaidi ya wiki mbili achunguzwe TB kwanza. Kumpulizisha mgonjwa wa TB kwenye chumba kilichofungwa ni kosa ambalo halirekebishiki.

Inamfaa nani. Mwenye dalili zisizoeleweka, aliyewahi kuugua TB, aliyepikia kuni miaka mingi, mvutaji wa sigara mwenye umri mkubwa, na yeyote ambaye FEV1 yake iko chini hata akijisikia vizuri, maana huyo yuko kwenye hatari ya shambulio. Watoto wengi huiweza kuanzia miaka 5 au 6 wakipata mpimaji mvumilivu.

## Pikfloo

Inapima nini. Kasi ya juu kabisa ya hewa inayotoka, kwa lita kwa dakika. Ni namba moja, tena pungufu kuliko FEV1. Nguvu yake ni kwamba unaipata nyumbani, asubuhi na jioni, kwa wiki nzima.

Inafanywaje. Simama. Rudisha kishale sifuri. Jaza mapafu, ziba midomo vizuri, ulimi usizibe tundu, kisha puliza kishindo kifupi kimoja. Mara tatu. Andika iliyo kubwa, usiandike wastani. Fanya hivyo asubuhi kabla ya dawa na jioni, kwa wiki mbili za hali nzuri, upate "namba yako bora".

Kusoma namba. Namba yako bora ikiwa 500, kijani ni 400 na kuendelea, njano ni 250 hadi 400, na chini ya 250 ni nyekundu: vuta dawa ya kufungua na uende hospitali. Asiyeweza kumaliza sentensi aende bila kupima chochote. Kuyumba kwa siku nako kunahesabika: asubuhi 380, jioni 460, tofauti ni 80, wastani 420, kwa hiyo asilimia 19. Mwongozo wa GINA, mpango wa kimataifa wa pumu, huona wastani wa zaidi ya asilimia 10 kwa watu wazima, au 13 kwa watoto, kuwa ni kuyumba kupita kiasi. Dawa ikifanya kazi, asubuhi huanza kuifukuzia jioni.

Inayoharibu. Kidole kinachozuia kishale, kukohoa au kutema badala ya kupuliza (namba hupaa ovyo), kibomba cha zamani chenye springi iliyochoka, na kubadilisha aina ya kibomba katikati. Halafu namba za kutunga. Daftari lenye 400, 400, 400, 400 kwa wino mmoja na mwandiko mmoja limejazwa foleni ya kliniki. Ukimgombeza, safari ijayo atatunga vizuri zaidi. Muulize tu ni nini kilimshinda.

Inamfaa nani. Asiyehisi kubanwa mpaka ameshabanwa sana, anayeishi mbali na hospitali, anayeshuku kazi yake inamletea pumu (pima siku za kazi na za mapumziko), na kila mwenye mpango wa maandishi wa kujihudumia. Haina sehemu inayohitaji umeme.

## Maswali ya dalili

Yanapima nini. Udhibiti kama mgonjwa anavyouishi.

Yanafanywaje. Hojaji ya ACT ina maswali 5 kuhusu wiki 4 zilizopita, alama 5 hadi 25. Kwa watoto wa miaka 4 hadi 11 kuna yenye maswali 7. GINA ina manne ya ndiyo au hapana: dalili za mchana zaidi ya mara mbili kwa wiki, kuamka usiku, kutumia dawa ya kufungua zaidi ya mara mbili kwa wiki, na shughuli kuzuilika.

Kwa Kiswahili kuna mtego wa adabu. Ukiuliza "unaendeleaje?", jibu ni "sijambo, namshukuru Mungu", hata kama jana usiku alilala ameketi. Mama naye atasema mtoto "hajambo kidogo". Huo si udhibiti, hiyo ni salamu. Uliza kwa hesabu: "Wiki iliyopita, ni usiku ngapi umeamka kwa kikohozi au kubanwa? Inhela ya bluu umeivuta mara ngapi tangu Ijumaa?" Na usitumie neno moja tu. Mmoja atasema kubanwa, mwingine kukazwa kifua, mwingine kifua kupiga filimbi, na mtoto atasema amechoka.

Kusoma namba. ACT ya 20 na zaidi ni udhibiti mzuri, 16 hadi 19 hautoshi, 15 na chini ni mbaya. Badiliko la alama 3 lina maana. La alama 1 halina.

Yanayoharibu. Kuzoea. Mtu aliyeacha kupanda ngazi miaka mitano iliyopita hawezi kusema ngazi zinamsumbua. Woga wa kuonekana hatumii dawa nao huongeza alama.

Yanamfaa nani. Kila mtu, kila ziara. Tofauti ni kama yatatosha peke yake.

## Vipi kuhusu eosinofili?

Wengine watasema: kwa nini usipime eosinofili, aina ya seli nyeupe, kwenye damu, kipimo ambacho maabara nyingi wanacho ndani ya picha kamili ya damu? Ni hoja nzuri, maana nazo husoma kuvimba kwa aina hii. Lakini Afrika Mashariki minyoo na kichocho hupandisha eosinofili bila kuuliza kifua. Aliyekulia kando ya Ziwa Victoria mwenye eosinofili 600 huenda anahitaji prazikwanteli, dawa ya kichocho, kabla ya steroidi zaidi.

## Kuchagua kwa hali yako

Kituo cha afya kisicho na mashine: maswali kila ziara, hesabu ya makopo, na vibomba vichache vya pikfloo vya kuwapa walio hatarini. Huduma nzuri ya pumu inawezekana hapo. Fedha ya ziada ikipatikana, spesa na inhela za steroidi zisizokatika rafuni zitangulie mashine ya FeNO. Kumpima kuvimba mtu asiye na dawa ya kuuondoa ni kumpa habari tu.

Dalili nyingi licha ya dozi ya kati: kama FeNO inapatikana, hapa ndipo inapolipa. Ikiwa juu, rudi kwenye inhela na mazingira. Ikiwa chini, acha kuongeza steroidi. Peleka kwenye spirometri na utafute sababu nyingine.

Mgonjwa yuko vizuri kwa miezi mitatu na mnataka kupunguza dozi: maswali na spirometri hutosha kuanza. FeNO ikiwepo, pima kabla na wiki chache baadaye. Ikipanda zaidi ya 10 ppb, au asilimia 20 kwa aliyeanza juu ya 50, mfuatilie kwa karibu kabla ya hatua inayofuata.

Mjamzito: apitiwe kila wiki 4 hadi 6, na asiache inhela. Maswali yawe msingi. Pikfloo humsaidia kutenganisha kubanwa kwa pumu na kukosa pumzi kwa kawaida kwa ujauzito. FeNO ni nyongeza yenye maana pale ilipo.

Mvutaji wa sigara: FeNO yake itakudanganya upande wa kushuka. Spirometri kwanza.

Mtoto wa shule ya msingi: maswali kwake na kwa mzazi, kila mmoja peke yake, kisha linganisha. Pikfloo akiweza. FeNO ni rahisi kwake kuliko spirometri akishajua kupoza uji.

Mtoto wa chini ya miaka mitano: mashine zote tatu ziwekwe kando. Mpe mlezi kalenda ya ukutani na kalamu mbili, moja ya kuweka alama kila usiku aliokohoa, nyingine kila siku inhela ya bluu ilipotumika, aje nayo baada ya wiki nne pamoja na makopo yote, hata yale matupu.